Asubuhi Niliyofungua Tanuru

Mwanangu Achieng,

Mimi ndiye niliyefungua tanuru. Maneno haya sijawahi kumwambia mtu. Sikumwambia Mama, sikumwambia pasta, na siku ile nilipokuwa nikikuzaa, mkunga aliponiambia nitoe kelele zote zilizo ndani, nilizitoa zote nikaiacha hiyo moja. Nakuambia wewe kwa sababu kesho unaondoka, na kwa sababu hujui kusoma. Utakapojua kusoma pengine nitakuwa nimesahau jinsi nilivyoogopa. Ndiyo maana naandika leo, ningali naogopa.

Sasa ni alasiri. Nimeketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mbele ya tanuru lenyewe, na daftari liko magotini. Kazi yangu siku hizi ni kulinda mlango huu usifunguliwe kabla ya wakati wake. Ukicheka utakuwa na haki. Kutoka hapa nakuona. Uko kwenye banda la kukaushia pamoja na Shangazi Rael, anakufinyangia ng'ombe wa udongo, na wewe umeshamng'ata pembe moja. Vitu vyako vimefungwa tangu asubuhi.

Sitakuandikia habari za kunawa, kulala, wala kutomsumbua shangazi. Hayo atakufundisha mwenyewe. Kikohozi chako nimemweleza kwa mdomo. Mimi nataka kukuandikia yale niliyoyakosea, kwa sababu hayo hakuna mwingine atakayekueleza, na kwa sababu mengine bado siyaelewi. Nikiandika labda nitaelewa.

Zamani hapa palikuwa mahali pa udongo tu, bondeni nyuma ya Mamboleo, karibu na kijito. Hapakuwa na mwenyewe. Wanawake walikuja na majembe, wakachimba udongo mweusi unaonata, wakaenda nao nyumbani kufinyanga vyungu vya maji na vya kupikia mboga. Dani, yaani nyanya yangu, alijifunza hapa, kisha akamfundisha Mama. Udongo ulikuwa na miiko yake. Mmoja ni huu: mwanamke mwenye mimba hakaribii moto wa vyungu, kwa kuwa akikaribia, vyungu vitapasuka. Hakuna aliyenieleza kwa nini. Nilikua nikiujua kama nilivyojua jina langu.

Halafu watu wa mradi wakaja. Chifu aliitisha baraza, na mkubwa mmoja akashuka kutoka Milimani na gari jeupe. Mimi nilikuwa bado shule ya msingi, na nilikuwa na tabia ya kuandika maneno ya watu wakubwa nyuma ya daftari la hesabu, kwa hiyo ninayo mpaka leo. Alisema hapa patakuwa eneo la viwanda visivyoudhi ardhi. Mafundi watakata mapipa ya zamani ya mafuta na kutengeneza majiko ya bati, na akina mama watafinyanga vyungu vya kuingia ndani ya bati hilo, vinavyoshika joto ili makaa yasiliwe ovyo. Miti ya vilima vya Riat itapumzika. Vifua vya akina mama vitapumzika. Watoto wa hapa ndio watakaopewa kazi kwanza.

Watu walipiga makofi. Dani aliuliza swali moja tu, kama udongo utawekewa geti. Mkubwa akasema geti ni kwa usalama wetu.

Geti lilikuja, na bawabu akaja nalo. Dani, aliyechimba hapa tangu akiwa msichana, akaambiwa aandike jina kabla ya kuingia. Hajui kuandika. Aliweka dole gumba kwenye kitabu, akamwambia bawabu, "Kidole hiki, udongo unakijua kuliko wewe." Watu bado wanamtania kwa maneno hayo.

Lakini majiko nayo yalikuja kweli, mwanangu, na hilo nalo ni lazima niliandike. Mama alikuwa akipikia kuni ndani ya nyumba, na kifua chake kilikuwa kikilia kama mlango mbovu. Alipoanza kupikia lile jiko, mwaka haukwisha kabla hajaanza tena kuimba kanisani. Wanawake waliokuwa wakiuza vyungu viwili vitatu Kondele siku ya soko walipata kazi ya kila siku. Watu waliliita eneo hili Kwa Majiko, na ukisema unatoka Kwa Majiko ulipewa heshima kidogo. Karo yangu ilitoka humu. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama geti lile lilikuwa jema au baya, mimi hubaki nimesimama tu.

Mwalimu wa mradi alikuwa Kamau, mtu wa Murang'a. Ndiye huyo huyo anayekuita Madam Achieng. Aliwajengea tanuru la matofali, la kwanza wanawake wetu kuliona. Huko nyuma walikuwa wakichomea shimoni, vyungu vimefunikwa nyasi na mavi makavu ya ng'ombe. Chungu kikishakuwa chekundu hukingoji kipoe. Unakichukua kwa kijiti kirefu kikiwa bado kinawaka, unakimwagia maji ya magome yaliyochemshwa, kinalia shaa, kinapata rangi. Nimeona Dani akifanya hivyo tangu nikiwa mgongoni. Mwalimu Kamau akawaambia kwamba tanuru si shimo, kwamba hewa baridi ikiingia ghafla vyungu vyote vitapasuka, na kwamba wangoje mpaka mlango uwe baridi kama ukuta wa kanisa. Wanawake walikubali kwa midomo. Nafikiri mikono yao haikukubali. Yangu pia haikukubali, na mimi sikuwa hata mfinyanzi.

Mwaka ule nilipokuwa kidato cha pili, wakati wa likizo ya Agosti, kikundi cha akina mama kilipata kazi yake kubwa ya kwanza, vyungu vya majiko ya kupeleka mjini. Mwalimu aliwaeleza wazi kwamba vikitoka vizuri mradi utabaki hapa na kujenga mabanda mengine, na vikitoka vibaya wakubwa watauhamishia wilaya nyingine. Walivichoma, wakaziba mlango kwa matofali na matope, wakapangiana zamu za kulinda.

Wakati huo wewe ulikuwa tayari ndani yangu, na nilikuwa nimejua kwa wiki tatu. Habari za baba yako nitakuandikia siku nyingine. Si mtu mbaya. Aliogopa kama mimi, akahamia kwa mjomba wake, na mimi sikuwa na pa kuhamia.

Asubuhi ya pili zamu ilikuwa ya Mama. Lakini kifua kilikuwa kimembana usiku ule, kwa sababu ya vumbi la udongo, na alitakiwa kufika zahanati mapema kuchomwa sindano. Aliona aibu kusema, maana mara mbili tayari alikuwa ameomba ruhusa. Akaniambia niende nikae pale mpaka arudi, nisiguse kitu, na mtu asijue. Fikiria, Achieng. Ili nikatae kwenda kwenye moto, ingebidi niseme kwa nini. Nilisimama mlangoni nikitafuta uongo wowote, na kichwa changu, ambacho shuleni walikisifu, hakikuleta hata mmoja. Nikaenda.

Hapakuwa na mtu ila bawabu getini, naye alikuwa ananijua. Nilikaa mbali mwanzoni. Baadaye nikasogea. Joto lilikuwa likitoka kwenye matofali taratibu. Nikaanza kuwaza kwamba nimeshafika, nimeshakaribia, na kama ule mwiko ni wa kweli basi humo ndani vyungu vimeshapasuka. Kazi ya kina mama wote, mradi wote, kwa sababu yangu. Niliomba visipasuke. Baada ya kuomba nikataka kujua kama nimesikilizwa. Hilo ndilo kosa langu, na hata leo likija kichwani huwa nafumba macho. Sikuweza kungoja kujua.

Nilitoa matofali matatu. Nikachungulia.

Vilikuwa vizima. Nataka ulisome neno hilo mara mbili. Vilikuwa vimepangwa safu kwa safu, rangi ya viazi vitamu vilivyochomwa, vyote vizima, hakuna hata ufa. Nililia kwa furaha, uso ukiwaka. Wewe hukuwa umevunja kitu.

Halafu nikasikia tak. Mlio mdogo, kama msumari ukianguka juu ya bati. Nikasikia mwingine kutoka nyuma. Nikakumbuka hewa. Nilirudisha matofali, nikachota matope kwenye karai, nikapaka kwa viganja, na nyuma ya ukuta bado ilikuwa inasikika, tak, tak, mpaka nikaziba masikio.

Nilikuwa nimesimama hivyo aliposhuka Shangazi Rael na chupa ya uji, akidhani atamkuta Mama. Shangazi ni dada mdogo wa marehemu baba yangu. Wakati huo alikaa Kondele na mume wake, mtu wa reli, na alikuwa ameolewa miaka mingi bila mtoto. Katika kikundi kizima hakuna aliyejua kufinyanga mdomo wa chungu kama yeye. Alinitazama, akatazama mikono yangu. Nilingoja aulize. Akasema tu, "Nawa mikono kabla hujanywa uji." Akanimiminia maji mwenyewe, akanisugua mpaka katikati ya vidole, kama mtoto.

Siku ya kufungua, mkubwa wa Milimani alikuja na gari lake jeupe. Mimi nilikuwa nje ya ua pamoja na watu wengine waliokuja kutazama. Mwalimu alitoa chungu cha kwanza, kikabaki na ukingo mkononi mwake, kitako kikaanguka. Cha pili kilikuwa na ufa kuanzia juu mpaka chini. Aliendelea kutoa kimoja kimoja mpaka akakaa kwenye ndoo, pengine hii hii niliyoikalia.

Akauliza nani alifungua mlango. Mama alikuwa akitazama miguu yake. Ndipo mama mmoja mzee, anaitwa Nyar Gem, kwa sababu ni binti wa kule Gem, akasema swali hilo si lenyewe. Swali ni nani alikuja hapa na tumbo.

"Mama zangu," Mwalimu akasema, "mimba haipasui chungu."

"Wewe Mwalimu umebeba mimba ngapi, ndio utuambie?"

Watu walicheka, hata yule mkubwa. Mwalimu hakukasirika. Alisema hajabeba hata moja, lakini vyungu amechoma vingi.

"Basi sisi tumefanya yote mawili," Nyar Gem akamjibu.

Maswali yalikuwa mawili, Achieng, na jibu la yote mawili lilikuwa mimi, nimeshika waya wa ua kwa vidole kumi. Mwalimu aliinama kwenye matofali yaliyotolewa mlangoni, akaokota moja, akaligeuza. Akasema matope ya matofali haya matatu hayafanani na mengine, yamepakwa upya. Akainua kichwa kuwatazama wanawake mmoja mmoja. Mama alifungua mdomo. Nafikiri alitaka kusema ni nani aliyelinda asubuhi ile. Sijui.

Kabla hajasema, Shangazi Rael akasimama.

"Msitafute mbali," akasema. "Nafikiri ni mimi. Mwezi umepita na sijaona siku zangu. Sikujua, ndio maana nilikuja hapa."

Vigelegele vikapanda. Miaka yote ile walikuwa wamemwombea mwanamke huyu. Walimkumbatia, wakalia, vigae vikivunjika chini ya miguu yao. Nyar Gem alimshika mkono akamtoa karibu na tanuru, akimgombeza na kucheza kwa pamoja. Mkubwa aliingia ndani ya gari bila kuelewa kitu. Na Mwalimu Kamau alibaki amesimama na tofali lake mkononi, hakuna anayemsikiliza.

Kikundi kiliomba kujaribu tena, na Mwalimu akawasemea kwa wakubwa. Walichoma mara ya pili, Shangazi akiwa nyumbani, na mlango haukuguswa. Vyungu vilitoka vizima. Mradi ukabaki. Kwa wanawake huo ulikuwa ushahidi wa kutosha, na kuanzia siku hiyo ule mwiko ukawa na nguvu Kwa Majiko kuliko ulivyokuwa shimoni. Hivyo ndivyo kunyamaza kwangu kulivyokuwa ukweli wa watu wengi.

Mume wa Shangazi alianza kumchotea maji kwa baiskeli. Miezi ikapita. Kanga haikubana. Wanawake walianza kumtazama kiunoni, kisha wakaanza kumtazama usoni. Siku moja sokoni Kondele nilimsikia muuza dagaa mmoja akimuuliza, "Rael, hiyo ni mimba ya mtu ama ya ndovu?"

"Ya ndovu," Shangazi akasema. "Siku nikizaa, wewe anza kukimbia."

Watu walicheka na yeye akacheka. Nilikuwa nyuma yake nimebeba kapu, na nikaona shingo yake haikucheka. Baadaye wengine kikundini walisema alijisingizia mimba ili apumzike kazi. Jina lake likafutwa. Mikono ile iliyojua mdomo wa chungu ikakaa bure, mpaka mume wake alipohamishiwa Nakuru wakaondoka. Kufikia hapo tumbo langu mimi lilikuwa limeonekana, na shule ilikuwa imeshanirudisha nyumbani.

Mama alihesabu. Tulikuwa tukichambua maharagwe, akaniuliza kama mwezi wa nane nilikuwa tayari. Nikasema ndiyo. Aliendelea kuchambua, kisha akasema, "Basi. Usiseme." Anajua kwamba nilikaribia moto na tumbo. Habari za matofali hakuuliza, nami sikumwambia. Kwa hiyo Mama anaamini vyungu vilivunjwa na wewe, na anakupenda hivyo hivyo, na amekuficha. Mimi ninayejua kwamba hukuvivunja ndiye niliyenyamaza. Wakati mwingine namwona akikubeba na nataka kumwambia, halafu naona kwamba nikimwambia nitamnyang'anya ule wema wake. Unaona jinsi mambo haya yanavyozunguka.

Wala sijui kwa hakika kama ninalijua lenyewe. Mwalimu angesema ni hewa. Dani angesema vilikuwa vizima mpaka mimi mwenye tumbo nilipovitia macho. Mimi niliyekuwapo, niliyeona na kusikia, siwezi kuwaamulia. Nimemaliza kidato cha nne, nimefundishwa joto linavyopanua vitu, niliandika vizuri kwenye mtihani. Lakini juma lililopita mwanamke mmoja mwenye mimba alikuja getini kuuliza kazi, na moyo wangu uliruka kabla ya kichwa kufika.

Ulizaliwa saa sita mchana, ndiyo maana ukaitwa Achieng. Ulipoanza kukaa, Mama alinirudisha shule, si ile ya kwanza, bali ya kutwa iliyo karibu, na vyungu vikanisomesha. Asubuhi nilikunyonyesha, nikakuacha na Dani, nikaenda kukaa na wasichana waliokuwa wadogo kwangu. Sikuongea na mtu. Walidhani najivuna. Wewe ulijifunza kumwita Mama "Mama," na mimi ukaniita Akoth kama watu wote. Sikukusahihisha. Nilijiambia utaelewa baadaye, lakini nadhani niliona haya tu.

Nilipomaliza mtihani, Mwalimu Kamau alinipa kazi hii ya tanuru. Alisema tanuru linataka mtu mtulivu, anayeweza kungoja, na kwamba katika watoto wote wa hapa ni mimi. Nilijibu asante. Wakati ule ningeweza kumwambia, tulikuwa wawili tu. Alikuwa ameshika tofali, maana tulikuwa tukijenga mlango. Nikamkabidhi matope.

Na hapa kazini nimeona jambo jingine linalonichanganya. Ili kuchoma vyungu vya majiko yanayookoa miti, tunaleta mikokoteni ya kuni kutoka Riat. Nilimuuliza Mwalimu. Akasema jiko moja litaokoa kuni nyingi kuliko zile zilizolichoma, na ninaamini hesabu yake. Halafu mkokoteni unaingia, naona gogo bado linatoa utomvu, na siamini tena. Jioni nakwenda nyumbani, namsikia Mama akiimba, nawasha jiko kwa makaa kidogo tu na uji wako unachemka, nami naamini tena. Nimekuwa hivyo kila siku tangu nianze. Sitakudanganya kwamba nimepata jibu.

Sasa nifike pale nilipokuwa nikiogopa kufika.

Juzi Shangazi Rael alikuja kutoka Nakuru. Hazikupita hata dakika kumi. Akamwambia Mama, lakini akinitazama mimi, "Niazimeni Achieng mpaka aanze shule. Nyumba yangu ni kimya sana." Kwetu hili si jambo geni. Dada asiye na mtoto hupewa wa ndugu yake akae naye, na hakuna anayeliita kutupa mtoto. Wengine husema mtoto akiingia nyumba kama hiyo huwaita wenzake. Kwa Shangazi utakula vizuri, kuna ua, na mume wake ni mpole.

Nilisema ndiyo kabla Mama hajamaliza kumimina chai.

Hiyo haraka ndiyo inayonitesa. Mama alinitazama, chai ikajaa kikombe ikamwagika. Tangu juzi najiuliza ni nani aliyesema ile ndiyo. Je, ni mama yako aliyeona utakuwa na maisha mazuri wakati yeye yuko kazini kutwa nzima? Au ni yule msichana aliyeshika waya wa ua, aliyeona kwamba mwanamke huyu alipoteza kazi, jina na kicheko kwa ajili yake, na sasa anamlipa kwa kitu pekee alicho nacho? Nimekaa hapa tangu saa nane nikitaka kukuandikia kwamba jibu ni la kwanza. Siwezi kuapa. Ninachoweza kuapa ni kwamba usiku wa juzi nililala na mguu wako mkononi mwangu mpaka ganzi ikaniingia, na sikuuachia. Malipo hayashikwi hivyo. Tafadhali amini hilo, hata kama mengine hutaamini.

Nilipofika hapo nimeinuka kuutia mkono mlango wa tanuru. Bado una joto. Nimerudi.

Na niliporudi nimeona kosa langu jingine, jipya. Barua hii naiweka kwenye bahasha ya kadi yako ya kliniki, maana ndiyo karatasi pekee ambayo haitapotea. Na bahasha hiyo si wewe utakayeifungua. Atakayeifungua ni Shangazi, wiki ijayo, kukupeleka kwa sindano. Nimejua hilo tangu mwanzo, au nimelijua sasa hivi? Sijui. Ningeweza kuitafutia mahali pengine. Ninaiacha pale pale.

Basi Shangazi, kama ni wewe unayesoma, shikamoo. Unajua mimi siwezi kusema mbele ya mtu. Nilifungua tanuru. Nilitaka kuona kama nimevipasua, na kwa kutazama nikavipasua. Siku ile uliposimama, sijui kama ulijua ni mimi ukaamua kunifunika, au kama kweli ulikuwa umekosa siku zako na ukatumaini. Kama ulinifunika, nimechelewa zaidi ya miaka mitatu kukushukuru. Kama ulitumaini, basi walilipigia vigelegele tumaini lako na baadaye wakalicheka, na mimi niliyeweza kuwanyamazisha kwa neno moja nilibeba kapu. Usinijibu ikiwa hutaki. Lakini nataka umlee Achieng ukijua ni mtoto wa nani. Ukiona ndani yake deni, mrudishe kwa basi la kwanza, nitampokea kwa mikono miwili na sitakuuliza kitu. Ukimwona yeye mwenyewe, kaa naye mpaka aanze shule, kama ulivyosema. Na ukitaka kurudi hapa usimame mbele ya akina mama uwaambie vyungu vile vilivunjwa na nani, taja jina langu. Nitakuwa hapa kwenye ndoo. Sitakimbia.

Achieng, nakurudia wewe. Jua limeshuka mpaka kwenye bati la banda. Ng'ombe wako amekwisha, hana pembe, na umejaa matope mpaka viwikoni. Shangazi amekuinua, amekupeleka kwenye jerikeni. Anamimina maji kwa mkono mmoja. Anakunawisha. Nimeacha kuandika ili nitazame. Amefungua kiganja chako, anasugua katikati ya vidole, kimoja, kingine, na sasa ameinua uso anatazama huku nilipo.

Hajatabasamu. Hajakunja uso. Anatazama tu, na mikono yake inaendelea.

Siku utakayoweza kuisoma barua hii peke yako, usimwambie mtu. Usimwambie Mama, anayedhani anakulinda. Usimwambie Dani, wala mwalimu wako, wala rafiki utakayempenda sana. Neno hili sasa ni la Shangazi, na yeye peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kulisema, siku atakayotaka yeye. Mimi niliwahi kufungua kabla ya wakati. Wewe, tafadhali, nisaidie kungoja. Liweke, mwanangu, ukae nalo kimya.

Ni mimi,
mama yako, Akoth